Msokoto wa DNA na Usugu wa Dawa za Kuhara Damu: Historia Fupi Inayopitia Mutaho, Burundi, na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya elimu ya msokoto wa DNA, hususan namna fizikia ya takwimu ilivyoeleza kufumuka kwa sehemu za molekuli hiyo inapokuwa chini ya mkazo. Historia hiyo inahusishwa na mlipuko wa kuhara damu ulioanza katika eneo la Maziwa Makuu mwaka 1979, na mazingira yanayorejelewa ni ya nyanda za kati na kaskazini mashariki mwa Burundi, kuanzia Mutaho hadi Muyinga. Makala inajenga hoja kwamba dawa mbili zilizofuatana katika tiba ya ugonjwa huo, yaani asidi ya nalidiksiki na siprofloksasini, zinashambulia utendaji mmoja wa bakteria, na kwamba majina yake yanauficha udugu huo. Inapendekezwa kuwa istilahi za Kiswahili zitaje utendaji wa kitu, kwa kuwa istilahi ya namna hiyo humsaidia mshauri wa sera kuona jambo ambalo jina la kigeni halimwonyeshi.

1.0 Utangulizi

Katika mpangilio wa utawala wa miaka ya 1990, Mutaho ilikuwa komini ya mkoa wa Gitega, kwenye nyanda za juu za kati za Burundi. Ni nchi ya vilima, migomba na maharage, ambako kwa desturi kila kaya hukaa katika shamba lake, mbali kidogo na jirani. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, desturi hiyo ilivunjika. Watu wengi wa Gitega waliacha vilima vyao wakakusanyika katika makazi ya muda, na Mutaho ikawa miongoni mwa sehemu zilizopokea wakimbizi hao wa ndani. Upande wa kaskazini mashariki, mkoani Muyinga, barabara ilielekea Kobero na mpaka wa Tanzania, na ng'ambo ya mpaka huo Warundi wengine waliishi kambini wilayani Ngara.

Msongamano wa watu, uhaba wa maji na upungufu wa vyoo ndiyo mazingira anayoyahitaji bakteria wa *Shigella dysenteriae* aina ya 1. Bakteria hawa ni wachache sana wanaotosha kumwambukiza mtu: hata kumi tu wanaweza kuanzisha ugonjwa. Kwa hiyo, mkono usionawa katika makazi ya aina hiyo ni hatari kubwa kuliko ulivyo katika kaya iliyo peke yake kilimani.

Historia ya mlipuko huo huandikwa kwa kawaida kama historia ya vita, maji na dawa. Makala hii inaongeza sura ya nne, ambayo ni historia ya fizikia ya molekuli. Sura hiyo ina uzito wake, kwa kuwa dawa iliyotegemewa na zahanati za eneo hili ilifanya kazi kwa kuvuruga namna bakteria anavyoisokota DNA yake, na ilishindwa pale bakteria alipobadilisha sehemu ndogo ya kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo.

2.0 Kutoka nyuzi mbili hadi kamba iliyojikunja

Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick walitoa umbo la DNA kwa kutegemea pia picha za eksirei zilizopatikana katika maabara ya Rosalind Franklin na Maurice Wilkins. Molekuli ilionekana kuwa nyuzi mbili zinazozungukana, zikiunganishwa na jozi za besi. Katika hali ya kawaida, mzunguko mmoja hukamilika kila baada ya jozi 10.5 hivi.

Umbo hilo lilieleza namna urithi unavyonakiliwa, lakini halikueleza kinachotokea nyuzi hizo zinapofungwa ncha kwa ncha na kuwa duara. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1965, Jerome Vinograd na wenzake wa California walipochunguza DNA ya virusi vya polioma. Walikuta kwamba DNA ileile ya duara ilishuka kwa kasi tofauti katika mashine ya kuzungusha, kutegemea kama uzi wake mmoja ulikuwa umekatika au la. Duara zima lilikuwa limejikunja na kushikamana, hivyo lilishuka upesi. Duara lililokatika uzi mmoja lilikuwa limelegea.

Msokotaji wa kamba hahitaji maabara kulielewa jambo hili. Wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja, wanaofukia makumbi na kusokota kamba, wanajua kwamba kamba iliyosokotwa kupita kiasi hujikunja yenyewe mara inapolegezwa ncha. Anayefunga mbuzi kwa kamba ya nyuzi za mgomba huko Mutaho anajua vivyo hivyo. Kamba ikipunguzwa mizunguko kisha ikafungwa ncha, ina njia mbili za kukabiliana na upungufu huo: nyuzi zake zilegee na kuachana mahali fulani, au kamba nzima ijizungushe angani.

Wanahisabati waliliweka jambo hilo katika kanuni. Kutokana na kazi za Gheorghe Călugăreanu wa Romania, James White mwaka 1969 na Brock Fuller mwaka 1971, ilithibitika kwamba katika duara lililofungwa, idadi ya mara ambazo uzi mmoja unauzunguka mwingine haibadiliki mpaka uzi ukatwe. Idadi hiyo, inayoweza kuitwa idadi ya mazungukano, ni jumla ya vitu viwili: msokoto wa nyuzi zenyewe na mkunjamano wa kamba nzima. Msokoto ukipungua, mkunjamano huongezeka kwa kiasi hichohicho, na kinyume chake.

Chombo kilichowezesha upimaji wa mambo haya kinaihusu Afrika moja kwa moja. Katika miaka ya 1950 ilianza kutumika dawa ya ng'ombe iitwayo homidiamu, inayojulikana pia kama ethidiamu, kutibu nagana, yaani ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Wafugaji wa Afrika Mashariki waliijua kama sindano ya mifugo. Maabarani iligundulika kwamba molekuli hiyo hupenya kati ya jozi za besi na kuipunguzia DNA msokoto mahali ilipoingia. Mwaka 1967 Roger Radloff, William Bauer na Vinograd waliitumia kutenganisha DNA iliyojikunja na ile iliyolegea, na muda si mrefu ikawa rula ya kuhesabia mizunguko iliyopungua. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya zizi ikawa kipimo cha elimu mpya.

3.0 Hesabu ya kufumuka

Swali lililofuata lilikuwa la fizikia ya takwimu: kamba iliyo chini ya mkazo itafumuka wapi, na kwa uwezekano gani? Fizikia ya takwimu, kama ilivyowekewa msingi na Ludwig Boltzmann katika karne ya 19, haitabiri tendo la molekuli moja. Inahesabu hali zote zinazowezekana, inaipa kila hali uzito kulingana na nishati yake, kisha inakokotoa wastani. Hali yenye nishati ndogo hutokea mara nyingi, na yenye nishati kubwa hutokea kwa nadra.

Mwaka 1975 makundi mawili, la Richard Depew na James Wang na la David Pulleyblank na wenzake, yalionyesha kwamba DNA ya duara inatii utaratibu huu. Duara linapofungwa, halipati idadi moja tu ya mazungukano. Hutokea mgawanyo wa idadi zinazokaribiana, na upana wa mgawanyo huo hutoa kipimo cha nishati ya msokoto. Ilibainika kwamba nishati hiyo huongezeka kwa kipeo cha pili cha upungufu wa mizunguko: upungufu ukizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne.

Mfano unaweza kusaidia. Chukua duara lenye jozi 5,250 za besi. Likiwa limelegea, lina mizunguko 500. Ndani ya bakteria wengi upungufu hukaribia asilimia 6, hivyo duara hilo litapungukiwa na mizunguko 30. Kwa kanuni iliyopatikana maabarani, nishati yake ni takriban mara 189 ya kipimo cha mtikisiko wa joto. Sehemu ya jozi thelathini hivi ikifumuka, inabeba upungufu wa mizunguko mitatu, na nishati ya sehemu iliyobaki inashuka hadi takriban 153. Faida hiyo ya 36 ndiyo inayolipa gharama ya kuzitenganisha nyuzi. Gharama hiyo si sawa kila mahali: jozi ya A na T ina vifungo viwili vya haidrojeni, ya G na C ina vitatu, kwa hiyo sehemu zenye A na T nyingi hufumuka kwa urahisi zaidi.

Mwaka 1979 Craig Benham aliiweka hoja hii katika nadharia kamili. Jambo kubwa katika nadharia yake ni kwamba sehemu zote za duara zinashindana. Sehemu moja ikifumuka, mkazo hupungua katika duara zima, na sehemu nyingine iliyokuwa karibu kufumuka hubaki imefungwa. Hivyo hatima ya mahali fulani haitegemei mpangilio wa besi wa mahali hapo peke yake, bali inategemea pia yanayotokea mbali nayo. Kufumuka, tena, ni njia mojawapo tu ya kupunguza mkazo. Mwaka huohuo wa 1979 kundi la Alexander Rich lilitangaza umbo la DNA inayozungukia upande wa kushoto. Miaka michache baadaye ilithibitika kwamba mpangilio unaojirudia kinyumenyume unaweza kutoa umbo la msalaba, na mwaka 1987 Sergei Mirkin na Maxim Frank-Kamenetskii na wenzao wakaeleza umbo lenye nyuzi tatu. Maumbo yote hayo huingia katika mashindano yaleyale, na uwezekano wa kila moja hukokotolewa kwa njia ileile.

4.0 Kimeng'enya kinachosokota na dawa inayokizuia

Mkazo huu ndani ya bakteria hautokei kwa bahati. Mwaka 1971 James Wang aligundua kimeng'enya kinachoilegeza DNA iliyojikunja. Mwaka 1976 Martin Gellert na wenzake nchini Marekani walitangaza kimeng'enya cha pili, kinachotumia nishati ya seli kuipunguzia DNA mizunguko, na kukiita jirasi. Jirasi hukata nyuzi zote mbili, hupitisha sehemu nyingine ya DNA katika mwanya huo, kisha huziunga tena. Bila kimeng'enya hicho, bakteria hawezi kunakili DNA yake wala kuzifungua jeni zake kwa utaratibu unaofaa.

Dawa inayokizuia ilikuwa tayari ipo kabla kimeng'enya chenyewe hakijajulikana. Asidi ya nalidiksiki ilitangazwa mwaka 1962 na George Lesher na wenzake, na asili yake ilikuwa mabaki ya utengenezaji wa klorokwini, dawa ya malaria iliyojulikana katika kila zahanati ya Afrika Mashariki. Kwa miaka kumi na mitano ilitumika bila kueleweka inafanyaje kazi. Mwaka 1977 ilithibitishwa kwamba shabaha yake ni jirasi. Dawa hiyo hukinasa kimeng'enya kikiwa kimekwisha kukata nyuzi na kabla hakijaziunga. Bakteria hubaki na DNA iliyokatika, naye hufa.

5.0 Kuhara damu katika Maziwa Makuu

Bakteria wa kuhara damu alitambuliwa na Kiyoshi Shiga nchini Japani mwaka 1897. Mwaka 1979 aina yake ya 1 ilizuka mashariki mwa Zaire, ikaenea Rwanda, Burundi na Tanzania katika miaka iliyofuata. Bakteria hao walikuwa wamekwisha kupata usugu dhidi ya dawa nyingi za bei nafuu, zikiwemo tetrasaiklini na, baadaye, ampisilini na kotrimoksazoli. Asidi ya nalidiksiki ikawa kimbilio. Hiyo nayo haikudumu. Utafiti kuhusu Burundi uliochapishwa mwaka 1994 ulieleza bakteria wenye usugu mpana dhidi ya dawa za kumeza zilizokuwa zikitumika nchini humo. Katikati ya mwaka huohuo, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma, kipindupindu kilifuatwa na kuhara damu, na takriban watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza.

Elimu ya msokoto inaeleza mambo mawili katika historia hii. La kwanza ni namna bakteria anavyotambua kwamba ameingia ndani ya mwili wa binadamu. Mwaka 1990 Charles Dorman na wenzake walionyesha, kwa kutumia *Shigella flexneri*, kwamba jeni za kushambulia utumbo hudhibitiwa pamoja na kiwango cha msokoto wa DNA, ambacho hubadilika kulingana na mazingira. Utafiti wa baadaye ulibaini kwamba protini fulani huifunga sehemu iliyopinda ya DNA karibu na jeni kuu ya mashambulizi, na kwamba kifungo hicho huachia joto linapopita nyuzi 32 hivi. Katika maji ya kisima cha nyanda za juu jeni hiyo imefungwa. Katika mwili wenye nyuzi 37 inafunguka. Umbo la DNA ndilo kipimajoto cha bakteria.

La pili ni usugu wenyewe. Badiliko moja la besi katika jeni ya jirasi, linalobadilisha kipande cha 83 cha protini yake, linatosha kuipunguzia asidi ya nalidiksiki uwezo wa kukinasa kimeng'enya. Kimeng'enya kinaendelea kusokota kama kawaida, na dawa inapita bila kukishika.

Hapa ndipo penye uzito wa kisera. Asidi ya nalidiksiki iliposhindwa, macho yalielekezwa kwa siprofloksasini. Hiyo ilikuwa dawa yenye nguvu zaidi, lakini katika miaka ya 1990 bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa zahanati nyingi za vijijini. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kuwa dawa ya kwanza ya kuhara damu na kushauri kwamba asidi ya nalidiksiki isitumike tena. Ushauri huo ulikuwa na sababu: siprofloksasini nayo hushambulia jirasi. Badiliko lililoishinda dawa ya kwanza hupunguza pia makali ya dawa ya pili, hata kama haliishindi mara moja. Bakteria aliyezoeshwa asidi ya nalidiksiki amekwisha kupanda ngazi ya kwanza, na mabadiliko machache ya ziada humfikisha juu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchini India na Bangladesh, walitokea bakteria wa aina ya 1 walioshinda hata dawa hiyo.

Kwa hiyo, kubadilisha dawa moja kwa nyingine hakukuwa kuanza upya. Ulikuwa mlango uleule uliogongwa kwa nguvu zaidi.

6.0 Jina na utendaji

Mtaalamu wa maikrobiolojia anaujua udugu wa dawa hizi mbili. Swali ni kama unaonekana kwa wengine wanaofanya uamuzi: mganga wa zahanati, mnunuzi wa dawa wa wilaya, mshauri wa wizara, mbunge wa kamati ya afya. Majina "nalidiksiki" na "siprofloksasini" hayafanani hata silabi. Anayeyasikia ana haki ya kudhani kwamba ni dawa mbili zisizohusiana, na kwamba ya pili ni akiba iliyo salama.

Kiswahili kina uwezo wa kuliondoa pazia hilo. Kazi ya istilahi za sayansi ina historia ndefu katika lugha hii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu mwaka 2015 Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki imekuwa ikifanya kazi Zanzibar. Vyombo vya kusanifisha vipo. Kinachohitaji kujadiliwa ni kanuni ya uteuzi.

Kanuni inayopendekezwa hapa ni kutanguliza kitenzi. Lugha ya kamba katika Kiswahili ina vitenzi vinavyotofautiana kwa usahihi mkubwa: *kusokota* na *kupota* ni kuzungusha nyuzi ziwe kitu kimoja; *kukunjamana* ni hali ya kitu kizima kujipinda; *kufumuka* ni nyuzi zilizoshikamana kuachana mahali fulani huku kwingine kukibaki kama kulivyo. Tofauti hizo ndizo zilezile zinazohitajiwa na fizikia ya DNA. Kutokana nazo zinapatikana *msokoto*, *mkunjamano*, *idadi ya mazungukano*, *msokoto pungufu* na *kufumuka kwa mkazo*. Jirasi inaweza kubaki na jina lake la kimataifa, lakini ikafafanuliwa kuwa *kimeng'enya kipunguza-msokoto*. Na dawa za ukoo wa nalidiksiki na siprofloksasini zinaweza kuitwa kwa pamoja *vinasa-jirasi*.

Jina hilo la mwisho lina faida ya moja kwa moja. Ikiwa orodha ya dawa muhimu ya wilaya itaonyesha kwamba dawa ya kwanza na dawa ya akiba zote ni vinasa-jirasi, msomaji asiye mtaalamu ataona kwamba akiba hiyo si akiba kamili. Ataweza kuuliza swali sahihi kabla ya ununuzi.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba mgonjwa wa Mutaho huongea Kirundi, na kwamba daktari wake alisomea Kifaransa. Ni kweli. Hata hivyo, uamuzi kuhusu magonjwa yanayovuka mipaka haufanywi Mutaho pekee. Kuhara damu kulipita kutoka Kivu hadi Ngara bila kujali lugha ya utawala, na katika kambi za upande wa Tanzania Kiswahili kilikuwa lugha ya huduma. Kirundi nacho, kwa kuwa ni ndugu wa Kiswahili katika Kibantu, kina *umugozi* na vitenzi vyake vya kusokota. Istilahi inayotegemea utendaji huhamishika kwa urahisi kati ya lugha hizi, kwa sababu kinachohamishwa ni picha ya kazi ambayo kila mkulima ameifanya kwa mikono yake.

7.0 Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa imeonyesha kwamba fizikia ya msokoto wa DNA haikuwa jambo la mbali na Afrika Mashariki. Dawa ya ng'ombe ilitoa kipimo chake. Mabaki ya dawa ya malaria yalitoa kizuizi cha kimeng'enya chake. Na wakazi wa vilima vya Gitega na Muyinga waliishi katika nchi ambamo badiliko la besi moja lilipunguza thamani ya vidonge vilivyokuwa kwenye rafu za zahanati.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, mamlaka za afya za nchi wanachama ziorodheshe viuavijasumu kwa kufuata shabaha yake ndani ya bakteria, sambamba na jina la kila dawa, ili usugu wa dawa moja usomwe kama onyo kwa ndugu zake wote. Pili, Kamisheni ya Kiswahili na mabaraza ya taifa yaunde istilahi za shabaha hizo kwa kutanguliza utendaji, na yawashirikishe wafamasia na wauguzi wa mipakani katika kuzijaribu. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo. Gharama ya kutoiona dawa ya akiba ikiisha makali imekwisha kulipwa mara moja katika eneo hili, na waliolipa ni watu waliokuwa tayari wamepoteza makazi yao.